Leseni ya Programu: Bei ya Kutumia na Bei ya Kurekebisha

Tuchukue mfano wa shule inayojenga maabara. Kuta haziwezi kuinuliwa kabla ya msingi kukauka, wala paa haliwezi kuezekwa kabla ya kuta kukamilika. Lakini meza za maabara zaweza kutengenezwa katika karakana wakati waashi wanaendelea na kazi yao. Kazi zipi zifuatane na zipi ziende sambamba ni suala la hesabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Henry Gantt alieneza chati ya mistari inayoonyesha kila kazi na muda wake. Mwaka 1957 na 1958 zikazuka huko Marekani mbinu mbili, CPM na PERT, ambazo hutafuta mfululizo mrefu kuliko yote katika mradi, yaani ule ambao ukichelewa siku moja, mradi mzima huchelewa siku moja. Leo hesabu hizo hufanywa na programu za kompyuta za kusimamia miradi.

Programu hizo hutungwa kwa ajili ya wateja wa dunia nzima, na kwa hiyo ni nadra zimfae mteja yeyote barabara. Maabara yetu inajengwa kwa fedha za serikali pamoja na nguvu za wananchi. Programu ina safu ya bei na safu ya mishahara. Haina safu ya mchanga uliosombwa na wanakijiji siku ya Jumamosi. Tena kamati ya ujenzi inataka taarifa kwa Kiswahili. Hapana budi programu irekebishwe, na hapo ndipo swali la gharama linapoanza.

Leseni ni nini?

Hadi miaka ya 1960 programu nyingi zilitolewa pamoja na mashine yenyewe. Mwezi Juni 1969 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba itatoza programu bei ya peke yake, na tangu hapo biashara ya programu ikakua haraka. Lakini hii ni bidhaa ya namna yake. Anayenunua jembe hulimiliki, naye aweza kuufupisha mpini apendavyo. Anayenunua programu aghalabu hununua ruhusa ya kuitumia tu, na ruhusa hiyo ndiyo leseni. Hali yake ni ya mpangaji: ataishi ndani ya nyumba, lakini hana ruhusa ya kuvunja ukuta. Msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa na watunzi wa programu, hubaki umefungwa.

Hesabu yenyewe

Tuseme ofisi ina watumiaji 40, na leseni ni shilingi 20,000 kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Safu inayokosekana yaweza kupatikana kwa programu-jalizi, ambayo ni kipande kinachopachikwa juu ya programu kuu, kwa shilingi 5,000. Watakaoitumia ni wahasibu 3 tu, lakini katika programu kama Jira, iliyoanzishwa Australia mwaka 2002, programu-jalizi kwa kawaida hutozwa kwa idadi ya watumiaji wote wa mfumo. Hivyo jalizi hiyo itagharimu shilingi 2,400,000 kwa mwaka badala ya 180,000, na jumla yote itakuwa 12,000,000.

Njia ya pili ni programu huria, kwa mfano Redmine, iliyotolewa mwaka 2006 chini ya leseni ya GPL. Leseni hii, ambayo Richard Stallman aliitangaza kwa mara ya kwanza mwaka 1989, humruhusu kila mtu kuitumia programu, kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuugawa, mradi anayegawa alichobadili naye atoe msimbo wake kwa masharti yaleyale. Tuseme mtaalamu atalipwa 15,000,000 kuirekebisha, kisha matunzo na seva yatagharimu 6,000,000 kila mwaka. Mwaka wa kwanza njia hii ni ghali zaidi. Lakini kila mwaka huokoa 6,000,000, kwa hiyo gharama ya kurekebisha hurudi baada ya miaka miwili na nusu.

Takwimu hizi ni za mfano tu, nazo zaonyesha jambo ambalo mashabiki wa programu huria husahau. Kama watumiaji wangekuwa 10, leseni na jalizi vingegharimu 3,000,000 kwa mwaka, chini ya gharama ya matunzo peke yake. Huria si sawa na bure.

Lisiloonekana katika hesabu

Mwezi Februari 2021 kampuni ya Atlassian, wenye Jira, ilisimamisha uuzaji wa leseni mpya za toleo lililowekwa katika seva ya mteja mwenyewe, na tarehe 15 Februari 2024 ikaacha kulihudumia. Programu haikuzimika siku ile, lakini marekebisho ya usalama yalikoma. Wateja wakaelekezwa kuhamia katika mitambo ya kampuni, au kuchukua toleo la taasisi kubwa, ambalo daraja lake la chini lilianzia watumiaji 500. Waliokuwa wamelipia marekebisho yao wenyewe walilazimika kuyapima upya, na mengine kuyaandika tena. Mwenye nyumba alikuwa ameamua.

Kinyume chake ni mfano wa mwaka 2004, wakati wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa leseni ilikwisha kuitoa.

Basi anayechagua programu asiulize bei tu, bali aulize pia: nani ana haki ya kuibadili, na je, tunaye mtu anayeweza? Haki isiyo na fundi haifai kitu. Na fundi akiondoka bila kuacha maandishi ya kazi yake, ofisi itakwama vilevile.

Walimu wa hisabati waweza kuwapa wanafunzi swali hili: kwa bei tulizotaja, ni watumiaji wangapi ndipo njia hizi mbili zinalingana katika miaka 5? Kila mtumiaji hugharimu 1,500,000; programu huria hugharimu 45,000,000. Jibu ni 30. Kisha wabadili bei wenyewe, waone jibu linavyosogea.