Mabano Yaliyoipa Aya Mgongo

Hivi karibuni tuliandaa karatasi za sura fupi kwa watoto wetu wa madrasa. Binti mmoja miongoni mwetu, anayejifunza kuunda programu za kompyuta, alitutengenezea programu ndogo ya kupanga kila aya ndani ya mabano ya urembo, yale tuyaonayo vitabuni yakiikumbatia aya. Karatasi zilipochapishwa, mwalimu wa madrasa alizitazama mara moja tu, akazirudisha. Maneno ya aya yalikuwa salama, alhamdulillahi. Lakini mabano yote yalikuwa yameipa aya mgongo.

Si jambo dogo hilo. Mtoto hunakili akionacho, na karatasi yenye maneno ya Mwenyezi Mungu haitupwi jaani. Ilitubidi tuzichome kwa heshima na kulizika jivu lake. Kisha tukaketi na binti yetu kulitafuta kosa, na tuliyojifunza yafaa kila nyumba yenye kijana anayeandika Kiarabu kwa kompyuta.

Kompyuta haihifadhi maandishi kama jicho linavyoyaona. Huyahifadhi kwa mpangilio wa kusoma: linalosomwa kwanza ndilo huwekwa kwanza, mwandiko uanzie kulia au kushoto. Kila alama ina namba yake katika Yunikodi, orodha inayotumiwa na kompyuta duniani kote. Namba hizo huandikwa kwa tarakimu, na pengine kwa tarakimu zilizochanganywa na herufi. Bano la kawaida la kufungulia ni 0028, na la kufungia ni 0029. Bano hilo likiingia katika mwandiko wa Kiarabu, kompyuta hulipindua kama taswira ya kioo, ili liendelee kuyakumbatia maneno. Namba haibadiliki, hubadilika sura tu. Mabano ya mraba nayo hufuata kanuni hiyo.

Hapo ndipo wengi huteleza. Huona bano limekaa vibaya, nao hubadilisha moja kwa jingine hadi jicho liridhike. Mara nyingi kasoro si ya bano, bali ni ya ukurasa ambao kompyuta haikuambiwa kuwa mwandiko wake waanzia kulia. Ukurasa huo ukifunguliwa penginepo, palipoelezwa sawasawa, yale yaliyogeuzwa kwa mkono huonekana kinyume.

Binti yetu hakulifanya kosa hilo. Aliijaribu programu yake kwa mabano ya kawaida, ikafaulu; kisha akaweka ya urembo mahali pake, akidhani kanuni ni ile ile. Kumbe mabano ya urembo, ambayo namba zake ni FD3E na FD3F, hayapinduliwi na kompyuta kamwe. Hubaki na sura yake popote yawekwapo. FD3E huitwa bano la kushoto, naye akalitanguliza kama alivyozoea. Lakini mwanzo wa aya uko kulia; basi bano likakaa kulia, likitazama nje. Dawa yake ilikuwa fupi: FD3F ifungue, FD3E ifunge.

Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kiarabu, barua na tenzi kwa pamoja, na leo wapo vijana wanaoziingiza nyaraka hizo katika kompyuta. Tuwausie mambo matatu. Waiambie kompyuta mwandiko waanzia wapi kabla ya kugusa alama yoyote. Wasigeuze kwa mkono kinachopinduliwa na kompyuta, wala wasidhani kila bano hupinduliwa. Na kabla ya kuchapisha nakala nyingi, wachapishe moja, waipeleke kwa msomaji anayeijua khati.

Karatasi mpya zimeshatoka. Safari hii nakala ya kwanza ilipita mikononi mwa mwalimu, naye aliisoma hadi mwisho kabla ya kutupa idhini. Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa.