Kigari cha betri: Mzazi atazame chini ya kiti kabla ya kutoa pesa

KATIKA maduka ya vifaa vya watoto jijini Tanga, kitu kinachomvuta mzazi kwanza ni rangi. Kigari chekundu kinachowaka taa na kupiga muziki, chenye milango inayofunguka na nembo inayofanana na ya gari la kifahari, humfanya mtoto wa miaka mitatu asiondoke mlangoni. Baba au mama naye hutazama bei, hupiga mahesabu ya haraka kichwani, kisha huomba apunguziwe. Mara nyingi mazungumzo yote huishia hapo. Hakuna anayeomba kiti kiinuliwe ili aone kilichopo chini yake.

Chini ya kiti ndiko kwenye betri, na betri ndiyo itakayoamua kama pesa hiyo imetumika au imepotea. Kwa familia ambayo kipato chake kinatokana na ng'ombe wawili wa maziwa Pongwe au shamba la michungwa Muheza, kitu cha laki tatu au zaidi hakiwezi kuitwa kichezeo tu. Huo ni mtaji, na unastahili kuchunguzwa kama mtu anavyochunguza pampu ya maji au cherehani.

Vigari hivi si jambo jipya duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mtengenezaji wa magari Ettore Bugatti, kule Ufaransa, alimtengenezea mwanawe Roland kigari cha umeme, na baada ya wateja wake matajiri kukiona ikabidi atengeneze vingine vya kuuza. Kilichobadilika ni mahali vinapotengenezwa. Siku hizi vingi vinatoka China, na bei imeshuka kiasi cha kumfikia mwalimu, mfanyabiashara wa nguo na hata dereva wa bodaboda aliyejiwekea akiba.

Volti na ampea-saa

Vigari vilivyopo sokoni viko katika makundi matatu: vya volti 6, vya volti 12 na vya volti 24. Vya volti 6 huwa na mota moja, hutembea mwendo wa mtu mzima anayetembea polepole, na vinamfaa mtoto wa miaka miwili au mitatu anayechezea sebuleni au kwenye varanda ya saruji. Vya volti 12 huwa na mota mbili na vinaweza kupanda kilima kidogo. Vya volti 24 ni vya mtoto mkubwa, na ukweli ni kwamba mtoto wa umri huo ni bora anunuliwe baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli na barabara zake nyingi ni tambarare. Mtoto wa miaka saba anayejua kuendesha baiskeli atatumwa dukani na ataenda shule, kazi ambayo hakuna kigari cha betri kitakachomfanyia.

Volti peke yake haitoshi. Kwenye betri kuna namba ya pili, ile inayoandikwa Ah, yaani ampea-saa. Ukizidisha volti kwa ampea-saa unapata kiasi cha umeme kilichohifadhiwa humo. Betri ya volti 12 yenye 7Ah inahifadhi wati-saa 84. Ya volti 6 yenye 4.5Ah inahifadhi 27 tu. Kwa hiyo vigari viwili vinavyofanana kwa umbo, tena pengine vikitofautiana bei kwa elfu thelathini, vinaweza kutofautiana mara tatu kwa muda wa kucheza. Muuzaji asiyejua namba hizo na afungue kiti, zimeandikwa juu ya betri yenyewe.

Betri hizi ni za risasi na asidi, zilizozibwa, ndugu wa zile zinazotumika kwenye vifaa vya kulinda kompyuta umeme unapokatika. Tabia yake moja lazima ifahamike: haipendi kukaa tupu. Ikiachwa bila chaji kwa miezi kadhaa, chumvi za risasi huganda juu ya mabamba yake na uwezo wake hupungua bila kurudi. Sasa msomaji afikirie safari ya kigari hicho: kiwandani, bandarini, melini, ghala la Dar es Salaam au Mombasa, kisha rafu ya duka la Tanga. Kinaweza kufika kwa mnunuzi kikiwa kipya kabisa, kimefungwa nailoni, na betri yake imekwisha kufa.

Dawa ni rahisi. Mnunuzi aende na fundi redio mwenye mita. Betri ya volti 12 iliyochajiwa ikapumzishwa saa chache husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma chini ya 12, ichajiwe usiku kucha hapo hapo dukani na kupimwa tena kesho yake. Muuzaji atakayekataa sharti hilo amekwisha toa jibu. Fundi akilipwa hata Sh5,000 kwa kazi hiyo, hiyo ni bima ya bei nafuu.

Mchanga, chumvi na jua

Picha iliyo kwenye boksi huonyesha mtoto akiendesha juu ya majani yaliyokatwa vizuri. Mtaa wa Makorora au Mwahako hauko hivyo. Tairi za plastiki ngumu huteleza kwenye mchanga, mota hulazimika kuvuta umeme mwingi, na muda wa saa moja unageuka dakika ishirini au thelathini. Mchanga huo huo huingia kwenye boksi la gia, ambazo nazo ni za plastiki, na kuzisaga. Atakayeishi na kigari katika mazingira hayo achague chenye tairi zilizovishwa mpira laini na mota mbili, la sivyo akiache dukani. Wenye ua wa saruji au wa matofali, kama nyumba nyingi za Raskazone na Chumbageni, wanaweza kuridhika na cha bei ya chini.

Hewa ya bahari nayo ina madai yake. Vichwa vya betri na nyaya hupata kutu ya kijani, umeme unapita kwa shida, na mwenye kigari hudhani mota imeungua. Grisi kidogo juu ya viungio inatosha kuzuia hilo. Kigari kisilale nje, hasa wakati wa masika ya Aprili na Mei, na kisiegeshwe juani pia: betri za aina hii hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazozidi 25. Januari na Februari mjini Tanga, nyuzi 32 za mchana ni jambo la kawaida hata kivulini.

Kuhusu uzito, mzazi asidanganywe na viti viwili. Vigari vingi vya volti 12 vimeandikwa kubeba kilo 30 au chini ya hapo. Mtoto wa miaka mitatu huwa na kilo 14 hivi, wa miaka mitano kilo 18. Wawili hao wakipanda pamoja wameshafika 32, na katika nyumba zetu hakuna mtoto anayepanda peke yake wakati binamu zake wamesimama wakimwangalia. Aidha, kwa mtoto aliye chini ya miaka minne, rimoti ya mzazi isihesabiwe kuwa pambo. Ndiyo breki ya kweli, na ijaribiwe dukani kwa umbali wa hatua ishirini kabla ya kulipa.

Moto hautokani na kasi

Hofu ya wazazi wengi ni kwamba mtoto atajigonga. Rekodi za nje zinaonyesha pia hatari nyingine. Oktoba 1998, nchini Marekani, kampuni ya Fisher-Price pamoja na Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya nchi hiyo ziliita vigari vya Power Wheels vipatavyo milioni 10 virekebishwe, baada ya kupatikana taarifa za moto wapatao 150 uliotokana na vifaa vya umeme kupata joto kupita kiasi. Mwaka 2001 kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.1 kwa kuchelewa kutoa taarifa.

Ikiwa kampuni kubwa yenye maabara ilifikia hapo, fundi wa mtaani anayekata fyuzi na kuunga waya moja kwa moja anacheza na nini? Hali kadhalika anayeongeza betri ya volti 6 juu ya ile ya 12 ili kigari kikimbie. Chaja iliyopotea inunuliwe yenye volti na ampea zile zile, si ya betri ya lori. Na kuchaji kufanyike mahali penye hewa, mbali na godoro na pazia, wakati kuna mtu macho.

Risiti ya mashine ya kodi idaiwe. Bidhaa zinazoingia nchini ziko chini ya viwango vya TBS, ambayo tangu 2012 imekuwa na utaratibu wa kukagua ubora wa bidhaa kabla hazijapakiwa kutoka nje, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamtambua mlaji aliyeuziwa kitu kibovu. Kigari kilichopita njia za panya kutoka upande wa Horohoro kinaweza kuwa rahisi kwa elfu hamsini, lakini mwenye nacho hana mahali pa kukirudisha.

Kununua au kukodi?

Gharama ya umeme haina haja ya kumsumbua mtu. Kuchaji betri ya wati-saa 84, ukijumlisha na umeme unaopotea kwenye chaja, hula uniti 0.12 hivi. Kwa bei ya Sh292 kwa uniti iliyopangwa na EWURA mwaka 2016, pamoja na kodi zake, haifiki Sh45. Gharama yenyewe ni uchakavu wa betri. Ikinunuliwa, tuseme, kwa Sh50,000 na kuchajiwa mara 250 kabla ya kuchoka, kila chaji imekula Sh200.

Kwa familia ya kawaida hesabu ni hii. Kigari cha Sh300,000 ni sawa na mizunguko 300 ya kukodi kwa Sh1,000. Mtoto apandishwe mara sita kila mwisho wa wiki, atamaliza karibu mwaka mzima, na katika mwaka huo miguu yake imerefuka na hamu imehamia kwenye baiskeli. Asiye na ua wa kufaa, au mwenye mtoto mmoja tu, akodi. Mwenye watoto watatu wanaofuatana kwa umri anaweza kununua bila kujilaumu, hasa akitunza boksi, chaja na kitabu cha maelekezo, kwani kigari kilichotimia huuzika tena.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni mjasiriamali anayekodisha. Pwani nzima soko lake ni sikukuu: mwenye kuona umati wa watoto kwenye viwanja vya Kariakoo mjini Unguja au Tibirinzi kule Chake Chake siku za Idd anaelewa kwa nini. Lakini wengi wanaoanza hukosea mahali pamoja. Hununua vigari vingi na betri moja kwa kila kigari. Betri moja inatoa dakika 45 hadi saa moja, yaani mizunguko kama kumi ya dakika tano, halafu inahitaji saa nane hadi kumi na mbili kujaa. Saa nne asubuhi vigari vyote vimelala, na watoto wenye pesa mkononi wanaondoka kwenda kwenye bembea.

Tuchukue mfano wa vigari vitatu vya Sh500,000 kila kimoja, na betri mbili za akiba kwa kila kigari. Mtaji ni Sh1,800,000. Siku ya sikukuu inatoa mizunguko 90, na baada ya kulipa vijana wawili Sh10,000 kila mmoja na uchakavu wa betri, hubaki Sh67,000 na ushei. Jumapili ya kawaida, kwa mizunguko 36 na kijana mmoja, hubaki Sh25,000 hivi. Siku nane za Idd mbili na Jumapili arobaini zinaleta kama Sh1,550,000 kwa mwaka, kabla ya ushuru wa eneo. Mtaji unarudi baada ya miezi kama 14, wakati ambapo gia na tairi nazo zinaanza kudai. Ni biashara, ila ni nyembamba, na mwenye mkopo wa riba kubwa asiiguse. Kwa kigari kimoja tu haifai kabisa, kwani mshahara wa kijana utameza karibu kila kitu.

Betri zilizokufa zisipasuliwe nyumbani kutafuta risasi ya kutengenezea timazi za nyavu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa katikati ya makazi kiliwaachia watu sumu ya risasi mwilini, wakiwamo watoto. Kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe Sh bilioni 1.3 za Kenya, shauri ambalo baadaye lilikwenda kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu. Betri nzima ipelekwe kwa mnunuzi wa betri chakavu, ambaye hununua kwa kilo.

Kwa anayejiandaa na Idd-el-Fitri, kuna suala la mwezi. Ukiandama jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani, tangazo hutoka baada ya Magharibi, na watoto watakuwa uwanjani mara baada ya swala ya asubuhi. Hapo katikati pana muda wa kujaza betri moja tu kwa kila chaja, umeme usipokatika. Mwenye betri tatu kwa chaja moja anahitaji saa thelathini, kwa hiyo ya kwanza ichomekwe tarehe 27.