Marekani ya Ziwani na Marekani ya Kariakoo

Ukiwa Magamba, katika Manispaa ya Mpanda, Ziwa Tanganyika liko karibu nawe kuliko Tabora, na Kalemie ya Kongo iko karibu kuliko Dar es Salaam kwa mbali sana. Kwa sababu hiyo, historia ya miaka ya sitini ina sura nyingine ukiitazama kutoka huku. Yanapotajwa mambo ya Marekani yaliyoingia Tanzania enzi zile, watu hukumbuka Dar es Salaam: vimini, mawigi, muziki wa soul, vijana wa suruali za kubana. Hayo yalikuwapo, nami nitayafikia. Lakini magharibi mwa nchi yetu Marekani ilikuja kwa njia ya maji na anga, ikiwa na silaha. Hiyo ndiyo tuliyoisahau.

Muongo ule ulianza vibaya Mpanda. Reli ya kutoka Kaliua ilikuwa imefika hapa mwaka 1950 kufuata madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira Minerals. Kufikia mwaka 1960 mgodi ukafungwa, na mji uliojengwa kwa ajili ya kazi moja ukabaki na reli bila kazi yenyewe. Mwaka huohuo, tarehe 30 Juni, Kongo ikapata uhuru. Januari 1961 Patrice Lumumba akauawa. Ng'ambo ya ziwa likaanza jambo ambalo halijaisha hadi leo.

Mwaka 1964 waasi wa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo, pamoja na Albertville, ambayo sasa ni Kalemie. Mji huo ulikombolewa mwezi Agosti na majeshi ya serikali yakisaidiwa na mamluki. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremshwa Stanleyville kutoka ndege za jeshi la Marekani. Katika vita hivyo Shirika la Kijasusi la Marekani, CIA, lilileta ndege za kivita zilizorushwa na Wakuba waliomkimbia Fidel Castro, na likaweka boti za doria ziwani ili kukata njia ya silaha na watu waliotoka upande wa Tanzania. Aprili 1965, kwa njia hiyohiyo, Che Guevara alivuka kutoka Kigoma hadi Kibamba ya upande wa Kongo akiwa na Wakuba wenzake, wengi wao weusi. Walijipa majina ya hesabu ya Kiswahili: kamanda wao aliitwa Moja, aliyemfuata Mbili, na Che mwenyewe Tatu. Miezi saba baadaye, Novemba 1965, alivuka kurudi akiwa ameshindwa. Siku chache baada ya hapo Mobutu akatwaa madaraka Léopoldville, kwa baraka za Washington.

Yatazame mambo hayo kwa tarehe za kwao. Mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia, na mwaka 1965 Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Ndiyo miaka ambayo vijana wa Mississippi na Alabama walipigwa, walifungwa na wengine kuuawa kwa sababu ya kuandikisha Weusi kupiga kura. Serikali ileile iliyotia saini sheria hizo ndiyo iliyolipia ndege zilizorushwa juu ya Weusi wa Fizi na Uvira. Anayetaka kuielewa Marekani ya miaka ya sitini akitumia upande mmoja tu wa habari hii atakuwa amejidanganya, awe ni mpenzi wa Marekani au mchukia Marekani.

Nasi Mpanda tulipokea matokeo yake kwa sura ya watu. Wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Kivu walijikuta hawatakiwi tena katika vurugu zile, na maelfu yao wakahamishiwa nyanda za juu za Mwese, wilayani Mpanda. Kazi ya kuwapatia makazi iliangukia Shirika la Kikristo la Kuhudumia Wakimbizi Tanganyika, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 na Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kabla ya Katumba na Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Burundi ambayo kila mtu wa Katavi anayajua, ilikuwapo Mwese. Wilaya hii ilikuwa imekwishajifunza kupokea wageni wa vita kabla mkuu yeyote wa Dar es Salaam hajaanza kuhesabu sentimita za sketi ya mtu.

Sasa Dar es Salaam. Uhusiano wa Tanganyika na Marekani ulianza kwa upole. Mafundi wa Peace Corps, watu wa kujitolea waliotumwa na serikali ya Marekani, waliokuja kwetu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumwa popote duniani: kundi la wapima barabara na wanajiolojia lilifika mwaka 1961, mwaka wa uhuru wetu. Julai 1963 Mwalimu Nyerere alikaribishwa Ikulu ya Washington na John Kennedy. Sauti ya Amerika ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1962. Kisha Kongo ikaharibu kila kitu. Novemba 1964 serikali ilitangaza kuwa imegundua njama ya nchi za Magharibi dhidi yake, na watu wakaandamana mjini, ingawa baadaye nyaraka zilizotajwa zilibainika kuwa za kughushi. Januari 1965 wanadiplomasia wawili wa Marekani walifukuzwa. Vita vya Vietnam vikaongeza hasira, na mwaka 1969 Peace Corps wakaondoka nchini, wasirudi hadi mwaka 1979.

Hasira ile ilikuwa ya haki. Ninachokataa ni mahali ilipoelekezwa.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze kutekelezwa Januari mosi 1969. Vilivyokatazwa vilikuwa vimini, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Hata kabla ya tarehe kufika, makundi ya vijana wa kiume huko Kariakoo na kwenye vituo vya basi yalikuwa yakiwavamia wanawake, yakiwapigia kelele na kuwachania nguo. Polisi walilazimika kuingilia. Magazeti yalijaa barua kwa miezi, za kuunga mkono na za kupinga, na ukizisoma hoja zake utaona nchi changa ikijadiliana kwa uzito kuhusu nafsi yake. Wako waliouliza swali ambalo viongozi hawakulijibu vizuri: ikiwa sketi ni ya kigeni, suti na tai vinatoka wapi?

Swali lile lilikuwa na nguvu zaidi kuliko lilivyoonekana. Kimini hakikutoka hata Marekani. Kilianza maduka ya London, na kilimfikia msichana wa Chicago kama kilivyomfikia wa Dar es Salaam, na huko nako wazazi na walimu wakuu walikipinga vikali. Tena, katika miaka hiyohiyo, viongozi wa Mkoa wa Arusha walikuwa wakiwashurutisha Wamasai waache lubega na udongo mwekundu wavae suruali, kwa hoja kwamba mavazi yao yanaaibisha taifa la kisasa. Mmasai alikatazwa kuwa wa asili mno, binti wa mjini akakatazwa kuwa wa kisasa mno. Hakuna mizani ya utamaduni inayoweza kutoa hukumu hizo mbili kwa pamoja. Kilichokuwa kikilindwa kilikuwa mamlaka ya kuamua, na waliolipa ni wale ambao hawakuwa na mamlaka hayo.

Jambo la wanawake nadhani linahitaji kusemwa wazi. Mwishoni mwa miaka ya sitini wasichana waliosoma walikuwa wameanza kupata kazi za ofisini Dar es Salaam, kazi ya mshahara na chumba chao wenyewe, huku vijana wengi wa kiume waliotoka mashambani wakizunguka mjini bila ajira. Binti aliyesimama kituoni akiwa na mkoba na sketi yake fupi alikuwa ishara ya maisha ambayo kijana yule aliyakosa. Umoja wa Vijana ulimpa kijana huyo ruhusa ya kumkemea, na wengine wakaichukua ruhusa hiyo kuwa ya kumpiga. Marekani ya ndege za kivita haikuweza kukamatwa na mtu yeyote aliyesimama Kariakoo. Binti aliweza kukamatwa. Hiyo ndiyo sababu hasira ya haki iliishia mwilini mwake, na mpaka leo sijaona tukilikiri hilo kwa sauti inayostahili.

Wakati huohuo nchi ilikuwa na macho mazuri kwa upande mwingine wa Marekani. Oktoba 1964 Malcolm X, mtetezi wa Weusi wa Marekani, alifika Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere, akaondoka ndege moja na Kenyatta na Obote. Desemba mwaka huo waziri wetu Abdulrahman Babu alihutubia mkutano wake Harlem. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Februari 1965, Malcolm aliuawa. Mwaka 1967 alikuja mtetezi mwingine wa Weusi wa huko, Stokely Carmichael. Walipokelewa kama ndugu, na ilikuwa sawa kuwapokea hivyo.

Ninayemheshimu kuliko wote ni Bob Moses. Alikuwa mtoto wa Harlem, msomi wa falsafa wa Harvard, aliyeacha kazi ya ualimu New York kwenda Mississippi kuandikisha wapiga kura. Alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa kampeni ya kiangazi ya mwaka 1964. Alipoitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam alikataa, akaenda Kanada, na mwaka 1969 yeye na mkewe Janet wakaja Tanzania. Hawakukaa mjini kutoa hotuba. Walikwenda Same, wakafundisha sekondari, yeye akifundisha hisabati, hadi mwaka 1976. Watoto wao wana majina kama Maisha na Malaika. Aliporudi kwao alianzisha mradi wa kufundisha aljebra kwa watoto wa maskini, akiamini kuwa mtoto asiyejua hisabati katika zama hizi amenyimwa haki kama mkulima wa Mississippi alivyonyimwa kura. Alifariki Julai 2021. Mtu kama huyo alifaa kujulikana na kila mwalimu wa hisabati wa shule zetu za kata.

Lakini Novemba 1969, mwaka uleule Moses alipofika, wakuu wa Mkoa wa Pwani walipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Hapo ndipo sera nzima inapovunjika mikononi. Muziki ule ulitoka makanisani na vitongojini mwa watu walewale aliowatumikia Moses. Mwaka 1968 James Brown alitoa wimbo wa kutangaza fahari ya kuwa mweusi, na mtoto wa Temeke aliyeucheza alikuwa anasikia kwa miguu yake jambo ambalo Malcolm alilieleza kwa maneno kwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Serikali ilimkaribisha mhubiri ikafukuza kwaya yake.

Najua jibu la watetezi wa marufuku. Mwalimu alikuwa ameeleza tangu Desemba 1962, alipoanzisha wizara ya utamaduni, jinsi ukoloni ulivyotufundisha kujivunia kucheza rumba na waltz huku tukizionea aibu ngoma zetu. Alisema kweli. Ngoma za Wabende na Wapimbwe wa huku zilihitaji wizara hiyo, na zilihitaji fedha, walimu na nafasi redioni. Kumvua binti wigi hakukuipa ngoma hata moja ya Mpanda mpigaji mpya. Utamaduni hujengwa kwa kuulisha, na kule kuulisha ndiko tulikokuwa wazembe, wakati katika kukataza tulikuwa hodari.

Bado kuna kazi inayoweza kufanyika. Aliyekuwa na miaka ishirini Karema au Ikola mwaka 1965, akisikia habari za boti na ndege za ng'ambo, sasa ana zaidi ya themanini. Aliyefika Mwese akiwa mgongoni mwa mama yake ni mzee. Mwanamke aliyeanza kazi ya kupiga chapa Dar es Salaam mwaka 1968 ana wajukuu. Maofisa utamaduni wa halmashauri zetu wanao uwezo wa kuwaketisha wazee hawa na kurekodi wanayoyakumbuka, kwa Kiswahili, na kuyapeleka kwenye maktaba za shule za sekondari za Katavi. Kinachohitajika ni simu yenye nafasi ya kutosha, daftari, na mtu wa kwenda Karema, na aende kabla ya masika.