"Ready" na Tayari Yetu (Sehemu ya Tatu)

Kamusi humpa mwanafunzi neno moja, "tayari", naye huifunga ameridhika. Mpeleke Kabungu, karibu na Mpanda, msimu wa tumbaku. Jani shambani limeiva. Likitoka kwenye bani limekauka. Likiwa sokoni limekwisha kufungwa robota. Nyumbani nako ugali umeiva, maji ya kuoga yamechemka, nguo zimekauka. Mwingereza atatosheka na "ready" kwa yote hayo, kwa sababu anamtazama mtu anayekisubiri kitu. Sisi tunakitazama kitu chenyewe na kusema kimepatwa na nini. Ni kweli twasema "chakula tayari", ila hapo twaita watu waje kunawa, hatuelezi habari za sufuria.

Ndiyo maana mwanafunzi akiambiwa atafsiri "chakula kimeiva" huandika "ripe", na ugali ukageuka embe.

Sarufi ya "ready" haina makuu. Kikifuata kitenzi, sema "ready to go"; likifuata jina, "ready for school". Anayeandika "ready for go" ameibeba "tayari kwa kwenda" nzimanzima. Kivumishi hiki kikitangulia jina, maana huhama: "ready money" ni fedha taslimu, na "a ready answer" ni jibu ambalo mtu analo mdomoni.

Penye utata ni hapa. "Shahidi yuko tayari kusema": amejiandaa, au amekubali? Kiingereza kina "willing" kwa aliyekubali. Nasi tuna "radhi", lakini tumeiachia misamaha na baraka za wazazi.

Halafu kuna treni. Kwenye reli ya Mpanda, ile inayochepuka Kaliua, aliyechelewa huambiwa, "Imeondoka tayari." Mwanafunzi huandika "The train is ready gone". Tusimcheke sana: "already" yenyewe ilizaliwa kwa kuunganisha "all" na "ready", kisha Waingereza wakaitenga kwa kazi ya jambo lililokwisha kutendeka. "Tayari", neno ambalo Waajemi na Wahindi wanalo pia kwa maana ya kujiandaa, sisi tumelibebesha kazi zote mbili, ingawa ya pili ilikuwa na mwenyewe: "imekwisha kuondoka", au kwa mkato, "imeshaondoka". Anayesema "imeshaondoka tayari" amelipa nauli mara mbili. Kwenye daftari nampigia mstari mwekundu. Stesheni, nikiwa na mizigo yangu, nasema vilevile.