Programu ya Mishahara Ikikosea Kodi: Namna ya Kuitambua na Kuirekebisha

Maduka, zahanati, viwanda vidogo na shule binafsi nyingi katika kata zetu sasa huandaa mishahara kwa kompyuta badala ya daftari. Ni hatua njema. Hata hivyo, kompyuta hufuata ilichoelekezwa. Ikielekezwa vibaya, itarudia kosa lile lile kila mwezi kwa kila mfanyakazi, bila mtu kushtuka.

Kodi ya mshahara, iitwayo PAYE, hukatwa na mwajiri na kuwasilishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Halmashauri haikusanyi kodi hii. Lakini wanaoumia makato yakikosewa ni wakazi wetu, wafanyakazi na waajiri kwa pamoja.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni mpangilio wa makato. Mchango wa mfanyakazi katika mfuko wa hifadhi ya jamii, kama NSSF, hutolewa kwanza. Kodi hukokotolewa juu ya kinachobaki. Programu nyingine hukokotoa kodi juu ya mshahara wote.

Kosa la pili ni viwango vilivyopitwa na wakati. Tangu Julai 2021, kiwango cha daraja la chini Tanzania Bara kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Programu ambayo haikuhuishwa huendelea kukata kwa kiwango cha zamani.

Kosa la tatu ni kusahau posho na malipo ya saa za ziada, ambayo kwa kawaida ni sehemu ya mapato ya ajira. Hapo kodi hukatwa pungufu.

Jipime kwa kalamu

Chukua hati moja ya mshahara. Tuseme mshahara ni shilingi 600,000 na mchango wa mfanyakazi ni asilimia 10. Toa 60,000, zinabaki 540,000. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, yaani 20,000. Zilizobaki 20,000 hutozwa asilimia 20, yaani 4,000. Kodi sahihi ni 24,000.

Programu isiyotoa mchango kwanza itakata 36,000. Tofauti ni 12,000 kwa mwezi, sawa na 144,000 kwa mwaka: fedha ya sare na madaftari ya watoto.

Mwenye mshahara wa 300,000 akishatoa mchango wa 30,000 hubaki na 270,000. Huyo hapaswi kukatwa kodi hata senti moja. Hati yake ikionesha kodi ya 2,400, kosa liko kwenye mpangilio.

Hatua za kurekebisha

1. Simamisha malipo ya mwezi huu hadi mipangilio ya programu isahihishwe. Kisha ijaribu kwa mishahara mitatu iliyokokotolewa kwa mkono: wa chini, wa kati na wa juu.

2. Andaa jedwali la kila mfanyakazi na kila mwezi ulioathirika: kodi iliyokatwa, kodi sahihi na tofauti.

3. Peleka jedwali hilo ofisi ya TRA iliyo karibu, pamoja na hati za mishahara na stakabadhi za malipo, uombe ritani zilizopita zisahihishwe. Usifidie kimya kimya kwa kupunguza kodi ya mwezi ujao. Ritani na hati za mishahara hazitalingana.

4. Wajulishe wafanyakazi kwa maandishi, na hakikisha kilichozidi kinawarudia wenyewe.

Ikiwa kodi ilikatwa pungufu, usingoje kuulizwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato, mwajiri ambaye hakukata kodi hubaki na wajibu wa kuilipa, na riba huongezeka kadiri siku zinavyopita.

Kwa mfanyakazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya malipo na makato yako. Yaombe, yasome, yahifadhi. Ukiona tofauti, muulize kwanza mhasibu wako kwa staha, ukiwa na hesabu mkononi. Mara nyingi mwenye duka naye hajui kwamba programu yake inakosea, na atakushukuru kwa kumtahadharisha mapema.