Programu ya Meyerhoff

Programu ya Meyerhoff ni mpango wa kufadhili na kulea wanafunzi wa sayansi, hisabati na uhandisi katika Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County (UMBC), nchini Marekani. Ilianzishwa mwaka 1988 ili vijana weusi wanaoingia chuoni kusoma sayansi waimalize shahada ya kwanza na kuendelea hadi uzamivu.

Historia

Mwanzilishi wake ni mwanahisabati Freeman Hrabowski, aliyekuja kuwa rais wa chuo hicho kuanzia 1992 hadi 2022. Alipofika UMBC mwaka 1987 alikuta wanafunzi weusi wengi wakianguka katika masomo ya sayansi. Fedha zilitoka kwa Robert Meyerhoff na mkewe Jane, matajiri wa Baltimore waliotaka kuwasaidia vijana wa kiume weusi. Kundi la kwanza, la wavulana 19, liliingia mwaka 1989. Wasichana walipokelewa mwaka uliofuata.

Mwaka 1994 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilibatilisha ufadhili mwingine, uliotolewa kwa weusi pekee katika Chuo Kikuu cha Maryland. Kwa hiyo mwaka 1996 programu ilifunguliwa kwa wanafunzi wa asili zote, mradi wawe na nia ya kuongeza idadi ya watu wa jamii ndogo katika sayansi.

Kwa nini wanafunzi huacha sayansi

Maelezo ya kawaida ni kwamba wanafunzi hao hawana bidii, au walifundishwa vibaya sekondari. Miaka ya 1970 Uri Treisman, aliyekuwa akisomea hisabati huko Berkeley, California, aliyapima maelezo hayo kwa kufuatilia jinsi wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya Kichina walivyojisomea kalkulasi. Weusi hawakuwa wavivu hata kidogo. Walihudhuria vipindi na kufanya mazoezi yote, lakini kila mmoja peke yake chumbani. Wenzao wa asili ya Kichina walisoma pia peke yao, kisha wakakutana, wakasahihishana na kuulizana maswali ya mitihani iliyopita. Aliyekosea aligundua kosa lake jioni ileile. Aliyesoma peke yake aligundua siku matokeo yalipotoka, na mara nyingi akadhani hisabati si yake.

Treisman hakuwafungulia darasa la kurudia mambo ya sekondari. Aliwapa maswali magumu kuliko ya darasani, wayafanye kwa vikundi, na alama zao zikapanda. Wanafunzi wa Afrika Mashariki waliozoea vikundi vya majadiliano hawatashangaa, ingawa kikundi cha kunakiliana majibu ni kitu kingine kabisa.

Utaratibu

Programu ya Meyerhoff inafuata fikra iyo hiyo. Kabla ya mwaka wa kwanza, wanafunzi huishi chuoni wiki sita za kiangazi wakisoma pamoja. Baadaye husoma kwa vikundi, hupata washauri wa karibu na huingizwa mapema katika maabara za utafiti. Ili kubaki na ufadhili lazima wastani usishuke chini ya B, na anayepata C katika somo la msingi huhimizwa kulirudia, kwa kuwa C ya kemia ya kwanza huwa shimo katika kemia ya pili.

Matokeo

Watafiti waliwalinganisha wanafunzi hao na wengine waliokubaliwa katika programu lakini wakachagua vyuo vingine. Wa Meyerhoff walikuwa na uwezekano wa takriban mara 5 zaidi wa kuingia masomo ya uzamivu wa sayansi. Ulinganisho huo una uzito, maana pande zote mbili zilikuwa na sifa za kuchaguliwa. Hata hivyo haujibu swali la mwanafunzi aliyeingia chuoni akiwa dhaifu, kwa sababu programu huchagua waliofaulu vizuri.

Miongoni mwa wahitimu ni Kizzmekia Corbett, mmoja wa wanasayansi waliobuni chanjo ya UVIKO-19 ya Moderna, na daktari Jerome Adams, Mganga Mkuu wa Marekani 2017–2021. Vyuo vikuu vya Penn State na North Carolina, Chapel Hill, vimeanzisha programu za mfano huohuo.