Mlango wa Banda la Gari na Joto la Ifakara

Wiki hii naomba tuzungumze habari ya mlango, tena mlango wa banda la gari. Najua wengi wenu hapa Ifakara hamna gari. Hata mimi sina. Lakini tulipojenga kule Kibaoni, baba watoto alishikilia kwamba nyumba isiyo na banda la gari haijakamilika, basi tukajenga: upana mita tatu na nusu, urefu mita sita, paa la bati, na mlango mkubwa wa chuma unaotazama magharibi, umepakwa rangi ya kahawia. Gari halijafika mpaka leo. Yaliyoingia humo ni magunia ya mpunga, pikipiki na baiskeli mbovu, na mwaka jana akaingia kijana wetu aliyemaliza kidato cha nne, akidai chumba chake mwenyewe.

Alilala humo siku nne. Siku ya tano, saa nne usiku, nikamkuta amejinyoosha juu ya jamvi barazani, hana shuka wala chandarua.

"Mama, mle ndani ni tanuri," akaniambia. "Nitaingia kukipoa."

Kukipoa ni saa saba za usiku. Baada ya wiki mbili alipimwa, akakutwa na malaria. Sisemi kwamba mlango ndio uliompa malaria. Nasema joto lilimtoa nje, na nje walikuwapo wanaomngoja.

Basi nilipokwenda Dar es Salaam kwa shughuli nyingine, nikapita katika duka moja la vifaa vya ujenzi. Muuzaji akanionyesha picha za milango ya kisasa: bati huku, bati huku, na katikati povu gumu la kuzuia joto.

"Huu una R sita, dada yangu, na huu una R kumi na nane. Wewe unatoka kwenye joto, chukua mkubwa."

Nikamwuliza hiyo R ni kitu gani. Akanijibu kwamba ni ubora. Bei ya ule mkubwa ingetosha kuezeka upya nyumba nzima na chenji ikabaki, kwa hiyo niliona ni haki yangu kupata maelezo zaidi ya hayo. Nimeyatafuta, na leo nawagawia.

R ni kipimo wanachotumia Wamarekani kuonyesha jinsi joto linavyopata taabu kupenya kitu. Namba ikiwa kubwa, joto linapenya polepole. Mlango wa bati tupu, ukihesabu na hewa iliyotulia kila upande, haufiki mbali na 1. Ukiweka ndani yake ubao wa povu jeupe, lile jepesi linalokuja limeizunguka televisheni mpya kwenye boksi, unene wa inchi moja, unapata kama 4 zaidi. Povu la manjano linalopulizwa kiwandani linatoa kama 6 kwa inchi.

Sasa sikilizeni hesabu, maana hapa ndipo wengi tunapopunjwa. Kutoka R 1 kwenda R 4, joto linalopenya linabaki robo. Umeokoa asilimia 75. Kutoka R 4 kwenda R 8, linabaki moja ya nane. Umelipa tena, lakini ulichoongeza ni asilimia 12 na nusu tu. Kutoka hapo kwenda 18 unanunua makombo kwa bei ya mkate. Zaidi ya hayo, namba inayoandikwa mara nyingi hupimwa katikati ya ubao, wala si kwenye maungio na pembezoni, ambako hewa hupita kama haioni mtu.

Pia tujiulize milango hiyo ilibuniwa kwa ajili ya nani. Huko Marekani ya kaskazini na Ulaya, banda la gari limeungana na nyumba inayopashwa moto miezi mingi ya mwaka. Joto wamelinunua kwa pesa, hawataki litoroke. Kule Ghuba, chumba chenye kiyoyozi kinalinda ubaridi walioununua vilevile. Mwenye mashine inayofanya kazi usiku na mchana ana sababu ya kulipia R kubwa. Kijana wangu ana feni, na feni yenyewe hulala umeme ukikatika, ingawa mtambo wa Kidatu uko hapo jirani tu.

Chumba kisicho na mashine ukikiziba vizuri sana kinageuka kuwa chupa ya chai. Chupa ya chai haijui kama unataka moto au baridi, inatunza kilichomo. Na kilichomo jioni ni joto la mchana kutwa, pamoja na la mwili wa mtu aliyelala na la injini ya pikipiki iliyozimwa sasa hivi.

Halafu mlango si mkosaji mkuu. Mlango wangu una kama mita tano za mraba. Bati la juu lina mita 21. Ifakara iko kwenye latitudo ya karibu nyuzi 8 kusini, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Saa sita mchana, mbingu zikiwa safi, jua hilo linamwaga karibu wati 1,000 katika kila mita ya mraba ya paa. Mlango wa magharibi zamu yake inaanza saa tisa, na kufika saa kumi huwezi kubandika kiganja. Wazee wetu walioezeka nyasi humu bondeni hawakuwa na namba ya R, lakini nyasi nene ilikuwa nayo.

Kwa hiyo nimeanza na paa: silingibodi, na juu yake nafasi yenye matundu pande mbili ili hewa ya moto itoke. Kwenye mlango nimepaka rangi nyeupe ya mafuta kwa nje, maana rangi ya kahawia hunywa jua. Nimeshusha kipaa cha makuti mbele yake, jua likamatwe kabla halijagusa chuma. Chuma kikishapata moto, unachofanya ndani ni kuuchelewesha tu. Ndani nimeweka povu la inchi moja, nikalifunika kwa plaiwudi. R yangu ni kama 5 na nimeishia hapo.

Tahadhari moja kubwa. Povu hili linashika moto upesi na moshi wake ni sumu. Fundi wa kuchomelea akitaka kuongeza bawaba, povu litolewe kwanza. Pikipiki na galoni la petroli vimehama. Na chumba kilichozibwa mlango kisiwashwe jiko la mkaa wala jenereta hata dakika tano; hewa ile ya mkaa haina harufu, na watu hawaamki.

Limebaki suala la mbu, ambalo kwa bonde hili haliwezi kutenganishwa na joto. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameonyesha kwamba katika vijiji vyetu mbu aitwaye Anopheles funestus ndiye anayesambaza sehemu kubwa ya malaria, na mbu wa malaria hupenda kuingilia pale juu, kwenye upenyo kati ya ukuta na paa. Ndiyo maana tunashauriwa kuziba. Lakini ukiziba kwa saruji, umefunga na njia ya joto, na mtu atatoka nje kama alivyotoka wangu. Ziba kwa wavu wa waya. Gambia walijaribu, matokeo yakachapishwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet: nyumba zilizowekwa wavu au dari zilipunguza mbu waliokuwa wakiingia kwa karibu nusu.

Fundi alikuja Jumamosi. Tumekata sehemu ya juu ya mlango, futi moja kwa upana wote, tukaweka nondo kwa ajili ya mwizi na wavu kwa ajili ya mbu.

"Mama, mlango huu mmeupunguzia heshima," akasema, akikusanya vifaa vyake.

Kijana amerudi kulala ndani, chini ya chandarua. Anasema saa tatu usiku bado pana joto kidogo, saa nne panavumilika. Wavu wa ukuta wa nyuma haujafungwa bado, unangoja mwisho wa mwezi.